Siku ya tisa baharini, mimi na mke wangu

Leo siku ya tisa tangu tung'oe nanga Split, Kroatia, wawili tu ndani ya mashua ya tanga. Juzi usiku bura, ule upepo baridi unaoporomoka ghafla kutoka milimani, ulitukuta kwenye ghuba ndogo ya kisiwa cha Hvar. Nanga ikaanza kukokota, yaani kuburuzwa chini bila kushika. Yeye akashika usukani, mimi nikakimbilia omo, mbele ya mashua, kuvuta mnyororo. Hatukusikilizana kwa kelele za upepo, ni ishara za mikono tu. Nanga ilikuja kushika alfajiri. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale, kalowa chapachapa, macho hayabanduki mbele.

Sasa tuko Vis, kisiwa kilichofungiwa wageni hadi 1989 kwa sababu ya kambi za jeshi la Yugoslavia. Bahari imetulia. Mwenzangu amelala, nami sina haraka ya kumwamsha.