Kwenda Makunduchi na Vespa ya Baba

Tulitoka Kikwajuni mapema, jua halijachomoza vizuri, mimi mbele, Baba nyuma. Tangu aliponunua Vespa hii mwaka 1986, kwa mkono wa pili, mambo yalikuwa kinyume: yeye usukanini, Mama nyuma amekaa upande na buibui kalibana mapajani lisije likaingia kwenye tairi, na mimi nimesimama mbele baina ya magoti ya Baba, upepo wote wangu. Sasa macho yake hayamruhusu tena kuendesha. Lakini kabla ya kupanda aliinama chini ya kiti, akaishika koki ya petroli kwa kupapasa tu, akaifungua, akavuta choki. Ndipo aliponiambia, "Haya, piga kiki."

Ni PX 150, buluu iliyopauka, na mahali pa kuwekea miguu rangi imeisha kabisa kwa viatu vyetu. Kubwa la mabonyeo yake ni langu, nililigonga ukutani nikiwa na miaka kumi na tano, na Baba hajataka hata siku moja linyooshwe. Aliyeibuni Vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Ilipotoka mwaka 1946 injini yake ilikuwa imefunikwa kwa bati, mpandaji asichafuke oili. Kwa Baba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Ijumaa zote za utoto wangu alikwenda msikitini na kanzu nyeupe juu ya Vespa, akarudi nayo nyeupe.

Mwanakwerekwe, Tunguu, Bungi. Baba haioni barabara vizuri, lakini anaisikia injini. Kila ilipoanza kulia kwa nguvu alinigusa bega: "Badili." Nikabana klachi, nikazungusha mkono wa kushoto, gia ya tatu, gia ya nne. Tulipofika penye miembe ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, kibaridi cha kivuli kilimpiga usoni, akasema, "Hapa Bungi." Jozani tulipita taratibu kwa gia ya pili, maana kuna matuta, na kima punju wanavuka watakavyo, Unguja ndiyo kwao asili.

Mbele ya Kitogani injini ikakohoa, ikazima.

Nilikwishaanza kuangalia gari la kutubeba. Baba alishuka, akavua kofia ngumu, akaomba spana ya plagi. Akakifungua kifuniko cha kulia, akaingiza mkono, akaitoa plagi nyeusi, imelowa. Akainusa.

"Oili umetia kiasi gani?"

Nikamwambia kweli: nilizidisha. Safari ndefu, chombo kizee, niliiogopea.

"Lita moja ya petroli, mililita 20 za oili. Ukizidisha haiungui yote, inaganda kwenye plagi." Hakunigombeza. Aliisugua plagi kwa kipande cha msasa anachokiweka ndani ya kisanduku cha mbele, pamoja na waya wa klachi wa akiba na kitambaa cha khanga ya Mama. Kitambaa kile nakijua. Mama ametangulia mbele ya haki miaka sita sasa, na Baba bado anafutia mikono kwa khanga yake, kisha anaikunja vizuri na kuirudisha.

Kiki ya tatu ikawaka. Akacheka kwa sauti, na mimi nikacheka naye pale ukingoni.

Makunduchi ilikuwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume walikuwa wakipigana kwa migomba, wanawake wakiimba, na kila nyumba ilikaribisha wageni. Shangazi alitusikia kabla hajatuona, akatoka hadi barazani.

"Mmekuja na hiyo hiyo?"

"Na ipi tena, dada yangu?" alijibu Baba, akainama chini ya kiti kufunga koki.