Nilivyoitikia wito wa kuwasomea bibi zetu Neno kwa Kigogo

Shalom wapendwa, naomba nishuhudie hili maana najua kuna mtu yuko pale pale nilipokuwa mimi, anasikia kitu moyoni na anakisogeza kila siku.

Mi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo, nina mume na watoto watatu. Nimelelewa na bibi kijijini kule njia ya Mvumi, na bibi hakujua kusoma wala Kiswahili hakikumkaa, ibada nzima anaimba pambio tu afu tukirudi nyumbani ananiuliza leo mchungaji kasema nini, na mi namjibu kwa kifupi kwa Kigogo, lugha yetu ya nyumbani, nikawahi kucheza. Alipofariki nikawa kila nikisali nawaona wale bibi wa benchi la nyuma kanisani, wasioelewa kama yeye. Nikasema ni majonzi tu haya. Mwaka ukapita, kwenye mfungo wakarudi tena, vilevile.

Samweli aliitwa akakimbilia kwa Eli mara tatu, na Eli ndo aliyemtambulisha kwamba anayeita ni Bwana. Na mi nikaenda kwa mwinjilisti wetu mzee. Akaniuliza, "Mwanangu, mumeo anajua? Na Kigogo unakisoma au unakiongea tu?" Hilo la pili lilinichoma, kwa sababu kukiongea naongea ila kukisoma sikuwahi hata siku moja. Akaniazima Biblia yake ya Kigogo, ina gundi kila mahali, nikawa usiku watoto wakilala nasoma Luka kwa sauti, mstari mmoja naurudia mpaka ulimi uzoee.

Sasa ilikuwa Desemba. Fundi yeyote anajua Desemba na Januari ni sare za shule, na Jumamosi ndo siku ya hela. Mume wangu akaniuliza kodi ya fremu itatoka wapi, na hakukosea, ni swali la haki kabisa. Nikakaa na Luka 5 siku nyingi, Petro kavua usiku kucha hajapata kitu, anaijua kazi yake, bado anasema "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu". Tukakubaliana na mume wangu Jumamosi mbili kwa mwezi niende kuwasomea wale bibi, wateja nikawaambia mapema kwamba siku hizo sipo, na oda nikapunguza. Wengine walihamia kwa fundi mwingine. Sitasema Mungu alinirudishia mara mbili mwezi uleule kama tunavyopenda kushuhudia, hapana, Januari ile kodi tulichelewesha na tukambembeleza mwenye nyumba. Lakini amani niliyokuwa nayo sijawahi kuipata kwenye hela.

Siku ya kwanza nimefika kijijini, chini ya mti nilipotegemea kuwakuta hakuna mtu. Yaani nimeamka alfajiri na Biblia yangu kwenye kanga nakuta patupu! Kumbe ni palizi, huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, nani ataacha mtama uliwe na magugu. Nikawafuata shambani, nikawasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", nikaomba jembe nikapalilia nao mpaka jua likawa kali, walipokaa kivulini kunywa maji nikafungua. Nilisoma vibaya. Bibi mmoja ananisahihisha kila neno la pili, na mi nasahihishwa nashukuru.

Tangu siku hiyo msimu wa kilimo naenda na jembe, wakishavuna ndo tunakaa chini ya mti.

Yule bibi anayenisahihisha ndo aliyeniomba ile ya mwanamke aliyepoteza shilingi, akawasha taa akafagia nyumba, Luka 15, nikamsomea mara tatu siku hiyohiyo. Juzi nimefika nikamkuta amekaa na wajukuu anawasimulia, hana kitabu, na hakuruka hata ufagio. Nikakaa chini na watoto nikasikiliza.