Nimedaiwa umeme ambao sikuutumia

Nyie mnaolalamikia buku jero ya kodi ya jengo kwenye LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, njooni hapa niwaambie. Mwezi wa kumi na mbili nilikuja Tanga wiki tano kumwona bi mkubwa, mama yangu, nikafunga kila kitu, mpaka chaja ya simu nilichomoa, friza tu ndo nikaliacha linanguruma na nguru wangu ndani na pweza kidogo. Kwenye mita nikaacha pauni kumi na tano nikijua zitatosha na chenji itabaki. Nimerudi Leeds, Uingereza, Januari, Ijumaa saa tano usiku, nabonyeza swichi ya ukumbini kimya, ya jikoni kimya, na harufu ilishanipokea mlangoni, wallahi yule nguru sitomsahau.

Sasa sikilizeni. Huku kuna mita za kulipia kabla kama LUKU yetu, ila kuna kitu wanaita standing chaji, kila siku ya Mungu inakatwa kama nusu pauni na zaidi, uwepo usiwepo, uwashe usiwashe, na gesi nayo ina ya kwake. Zidisha mara elfu tatu na ushee upate shilingi zetu. Hela ikiisha inaandika deni, ukienda kuweka nyingine linaliwa deni kwanza ndo upate mwanga. Sisi ile service chaji ya kila mwezi iliondolewa 2016 watu wakashangilia, wenzetu wanailipa kila siku. Na mita yangu ni ya kizamani, ya ufunguo, yaani huwezi kulala kitandani ukanunua kwa simu ukaingiza tokeni, lazima uubebe ufunguo mpaka dukani wakujazie, na saa tano usiku duka gani.

Nikakaa kwenye kiti na koti langu na kofia, begi sijafungua, natoa mvuke mdomoni ndani ya nyumba ninayoilipia kodi. Nikakumbuka kwetu Ngamiani, umeme ukikatikia usiku unapiga ukelele tu uani, mtoto wa jirani anaruka ukuta na waya wake. Na kibaya zaidi nikakumbuka maneno yangu mwenyewe. Wiki moja nyuma nilikuwa kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi na kashata, nawahutubia wazee wa barabara ya kumi na mbili kwamba Ulaya hakuna jirani, mtu anafia ndani watu wanajua kwa harufu. Walicheka sana. Haya, harufu ndo hiyo sasa.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa babu wa namba nne. Miaka mitatu tumekaa mlango kwa mlango na mazungumzo yetu marefu kuliko yote yalikuwa kikaratasi alichonibandikia kwamba nimetupa taka zisizohusika kwenye pipa la kijani. Kile kikaratasi niliwapigia picha nikakirusha kwenye grupu, tukamsema wee mpaka tukachoka. Sasa amesimama na ndala za manyoya na joho lake la kulalia, nadhani alinisikia navyolaani kwa Kiswahili, akaniuliza neno moja tu, umeme? Nikasema ndio. Akageuka akaenda zake. Nikasema basi, keshajua, kaenda kulala.

Karudi anaburuza waya wa ekstensheni, ule wa rangi ya chungwa wa mafundi, kautoa kwake kaupitisha koridoni mpaka kwangu, na mkono wa pili kashika hita ndogo. Hakuingia ndani hata hatua moja. Akasema duka linafunguliwa saa moja asubuhi, akaondoka. Mlango wangu haukufunga sawasawa usiku ule kwa sababu ya waya, ulibaki upenyo wa kidole, na mimi ambaye huwa nazungusha funguo mara mbili nililala.

Kabla ya kulala niliswali Isha pembeni ya ile hita. Niseme ukweli, kwenye ndege nilikuwa namlalamikia Mungu, kwamba kanitoa kwa watu kanirudisha kwenye mawe. Nilipoweka paji la uso chini nilishindwa kuendelea kidogo. Sikulia, nisiwadanganye, ila nilikaa chini vile muda mrefu kuliko kawaida yangu, maana kawaida yangu nyie mnaijua, ni kama nawahi basi la Korogwe.

Niwaambie na wadogo zangu wa pale Makorora mnaonitumia meseji kila siku. Kazi ya kulea wazee ninayofanya mimi, wameshafunga kuajiri kutoka nje tangu 22 Julai 2025. Dalali anayekuambia toa milioni kumi nikupatie sponsa ya kazi hiyo, yaani mwajiri wa kukudhamini viza, ni mwizi, mwambie ndo nimesema mimi. Na walioomba viza ya kazi hiyo kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mke wala mtoto. Ukijipanga kwa njia nyingine ya halali njoo, ila usije ukidhani baridi ni ile ya Lushoto.

Turudi kwa babu. Nikamsimulia bi mkubwa kwenye simu, akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Umempelekea nini?"
"Mama, nimemshukuru."
"Kwa mdomo?"

Basi Ramadhani ilipoingia nikapika mkate wa kumimina, bi mkubwa anasimamia kwa video kutoka jikoni kwake. Mchele nimeuloweka usiku, tui la kopo, iliki niliyobeba mwenyewe kutoka kwetu. "Tikisa bakuli nione, hamira imekubali? Usifungue hiyo oveni, we mtoto!" Chini uliungua kidogo, nikaukata vizuri, nikampelekea kwenye sahani yangu ya maua.

Kesho yake sahani imerudi. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa, na tupu. Bi mkubwa alipoiona alinyamaza kwanza. Sahani tupu! Kwetu hata ukiwa huna kitu utaweka ndimu mbili. Nikamtetea, nikasema mama hawa hawajui. Akasema, "Kama hajui mwambie, si ndo rafiki yako."

Nikamwambia kweli, kwenye ngazi, akiwa na tai yake anatoka kanisani Jumapili, nikamweleza kwetu sahani hairudi hivihivi. Akawa mwekundu mpaka masikio. Nikajuta.

Jumatano kabla ya magharibi akagonga. Sahani hanayo maana nilikuwa nimeshaichukua, kaja na ya kwake, na katikati ya sahani kaweka kopo moja la maharage, halijafunguliwa, kalisimamisha wima kama keki. Nikampigia bi mkubwa nikamwonyesha, akaliangalia weee, akaniuliza yamepikwaje, nikamwambia yana nyanya na sukari.

"Sukari? Masikini. Kesho mpikie ya nazi."