Barafu ya Usiku, Ubaridi wa Mchana

Mimi ni fundi wa viyoyozi hapa Malindi, na msimu wa kaskazi unapopamba moto simu za hoteli za ufukweni hazikatiki. Kila jengo lina mashine zake juu ya paa, chumvi ya bahari inayala mapezi ya alumini ya kondensa, sehemu inayotoa joto nje, hadi yanabomoka ukiyagusa kwa kidole, na kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kupozea, hulemewa saa zilezile ambazo kila mtu anauhitaji umeme.

Ndiyo maana ninaufuatilia kwa hamu mfumo wa miji mikubwa, ambao mtambo mmoja hupoza majengo mengi kwa maji baridi yanayopita katika mabomba chini ya barabara. Katikati ya Chicago mfumo wa namna hiyo ulianza kazi mwaka 1995, nao unategemea barafu: usiku, umeme ukiwa nafuu, maji hugandishwa katika matangi makubwa, na mchana barafu hiyo huyeyushwa ili kuyapoza maji yanayopelekwa majengoni hadi yakaribie nyuzi 1 ya Selsiasi.

Siri iko katika kuyeyuka kwenyewe. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334 za joto, ilhali kilo 1 ya maji baridi yakipanda joto kwa nyuzi 8 hufyonza kilojuli 34 hivi tu. Kwa hiyo tangi la barafu huwa dogo mara kadhaa kuliko la maji, na mjini kila kipande cha ardhi kina bei yake. Wavuvi wetu wanaijua nguvu hiyo, kwani changu waliotandikiwa barafu iliyopondwa alfajiri huwa bado wabichi jua likiwa la utosi.

Gharama zake zipo. Ili maji yagande, mashine hulazimika kushusha halijoto chini ya sifuri, na hapo hula umeme mwingi zaidi kuliko inapopoza maji tu. Penye usiku wa baridi, hewa hufidia sehemu ya hasara hiyo, lakini usiku wa pwani yetu ni wa joto na unyevu, hivyo faida yetu itatokana hasa na bei ya umeme. Desemba 2017 Kenya ilianzisha bei nafuu ya usiku kwa wateja wakubwa wa viwanda na biashara, na mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaozalisha umeme, haulali hata usiku.

Kwa maoni yangu, mabomba ya pamoja yanafaa Nairobi na Mombasa, kwenye majengo yaliyobanana, na yatandazwe kabla barabara hazijatiwa lami. Hoteli za Malindi zimetawanyika mno kando ya bahari. Kwetu ni afadhali kila hoteli kubwa ianze na tangi lake yenyewe, liwekwe chini kivulini, mbali na upepo wa chumvi.