Enkoda iliyokataa kuhesabu

Siku mbili nzima hapa karakana Kisumu, shafti inazunguka na kompyuta inaonyesha sifuri. Enkoda (kihisi cha kwenye shafti kinachotoa mapigo ya umeme inapozunguka) ni ya mapigo 600 kwa mzunguko, nyaya zake mbili za ishara, A na B, zinaingia kwenye moduli ya kukusanya data. Nilishaanza kuamini moduli imeungua.

Jana jioni nikashika multimita, nikazungusha shafti polepole kwa mkono. Volti ya waya wa A haipandi hata kidogo! Kumbe enkoda hii ni ya kolekta wazi: transista yake huvuta waya hadi sifuri tu, haiwezi kuupandisha. Nikaweka rezista ya kiloomu 4.7 kutoka volti 5 za moduli hadi A, nyingine hadi B. (Enkoda yenyewe inatumia volti 12, rezista usizipeleke huko, utaua moduli.) Pia nikaunganisha waya hasi wa pande zote mbili, maana kila upande ulikuwa na pawa yake.

Mzunguko mmoja: 2400. Ndiyo yenyewe, 600 mara nne, kwa kuwa kila kupanda na kushuka kwa A na B kunahesabiwa. Nilifurahi mno, wenzangu wakaja kuona.

Hesabu ilikuwa ikienda kinyume, nikabadilishana A na B.