Kibaa changu cha makuti uani

Nilichoka na hoteli za bichi hapa Malindi, soda moja bei ya mlo mzima, nkasema basi nijenge kibaa changu uani, ile staili wanaita tiki, ilianzia California miaka ya 1930 wakiiga visiwa vya Polynesia, yaani watu wahangaike kuigiza paa la majani na sie makuti ndo jiko la nyanya!

Nguzo ni mvinje, miti minne, chini nkapaka oili chafu ya gereji manake mchwa wa huku hawana adabu. Paa ndo lilonitoa jasho. Nilililaza sana, mvua ya kwanza tu maji yakaingia mpaka kwa redio, fundi akanicheka weee, akasema makuti yataka mwinuko mkali maji yateleze na uyabananishe. Tukafumua tukaanza upya.

Kaunta ni mbao za dau bovu, vikombe vifuu nimevipiga msasa, taa iko ndani ya dema kuukuu, ule mtego wa samaki. Jirani kashaanza kuja na pombe yake mwenyewe ya mnazi, kwangu anataka kifuu tu.