Kopo la mvua, likizo ya Desemba 1997

Shule ilipokaribia kufungwa Desemba 1997, tukiwa darasa la tano pale Korogwe, kila mwalimu aliingia na kazi yake ya likizo. Ya Hisabati ilijaza ubao mara mbili, tukanakili mpaka vidole vikafa ganzi. Ya Kiingereza ilikuwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mwalimu wetu wa Jiografia aliingia wa mwisho, hana kitabu wala chaki. Alishika makopo mawili yenye maji, moja pana la Kimbo na jingine jembamba la maziwa ya unga.

Alikuwa ameyaweka nje usiku kucha, nyuma ya ofisi. Akauliza lipi limepata mvua nyingi. Darasa zima tukapiga kelele: la Kimbo! Akamwita kiranja, akampa rula. Kiranja akaitumbukiza kwenye kopo la kwanza, akasoma milimita 23. Akaitumbukiza kwenye la pili, akanyamaza, akairudisha tena ndani, akainama mpaka pua ikakaribia maji. Milimita 23.

"Kopo pana linapokea maji mengi, lakini linayatandaza mahali papana," alisema mwalimu. "Sisi tunapima kina. Kwa hiyo asiniambie mtu kwao hakuna kopo kubwa."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Utafute kopo lenye ubavu ulionyooka, ulitege mahali peupe mbali na miti na paa, ulizungushie mawe kuku wasije wakaliangusha. Kila siku saa tatu asubuhi upime, uandike, umwage, ulirudishe. Siku isiyo na mvua uandike 0. "Msiniachie nafasi tupu," alisema. "Sifuri nayo ni habari."

Kwa nini ilituingia kiasi kile? Wiki yetu ya shule ilikuwa wiki ya maji. Jumatatu kulikuwa na ukaguzi wa kucha na sare mstarini, Ijumaa jaribio na fagio za chelewa, lakini siku iliyotukaa mwilini ni Alhamisi, siku ya darasa letu kumwagilia bustani ya shule. Vuli ya 1996 ilikuwa imekataa, na 1997 ikaanza na ukame. Kila Alhamisi jioni tulipanga foleni bombani, kila mtu na ndoo yake ya lita 10, kisha safari ya kurudi, ngata kichwani, tawi la majani likielea juu ya maji yasirukeruke. Ukifika unamwaga kwenye tuta la mchicha, udongo unayanywa hapo hapo, na baada ya dakika chache hujui tena ni tuta lipi lililomwagiliwa. Halafu Oktoba mbingu zikafunguka, redio ikaanza kutaja El Niño, na Alhamisi zetu zikaishia kuchimba mifereji ya kutoa maji kwenye bustani ile ile.

Likizo nilipelekwa kwa bibi, Muheza, upande wa barabara inayopanda Amani. Michungwa ilizunguka nyumba pande zote, mahali peupe palikuwa pamoja tu: uwanja wake wa kuanikia. Nilimweleza agizo la mwalimu. Akaniambia, "Weka hapo, mume wangu. Kwani kwa mvua hii mimi naanika nini?"

Mwaka ulipogeuka Ramadhani ikaingia. Bibi akiamka kupika daku aliisikiliza mvua juu ya bati, na mimi nikiwa nimelala nusu namsikia akisema, "Hii haipungui arobaini." Asubuhi natumbukiza rula: 38. Siku nyingine alisema kumi na tano, ikawa 16. Hakuwahi kushika rula maishani mwake. Ikifika saa tatu alisimama mlangoni na kuuliza, "Leo ngapi?" na nikitaja aliitikia kwa kichwa, kama anayesikia habari za mtu anayemfahamu. Asubuhi moja niliposoma 71 alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwaka wa Uhuru ilinyesha hivi hivi." Nikaliandika na hilo pembeni ya namba.

Januari tulirudi, sasa darasa la sita, mwalimu yule yule. Alichora ubaoni ramani ya mkoa wa Tanga bila kutazama mahali: pwani, mto Pangani, milima ya Usambara. Halafu akatuita mmoja mmoja tuandike jumla zetu pale tulipolala likizo. Wa Lushoto akaenda, wa Handeni, wa Pangani mjini, na wengi waliobaki Korogwe. Ubao ukajaa namba za chaki, ukawa mkoa mzima unaonyeshewa mbele yetu.

Tatizo likazuka Muheza. Msichana mmoja alikuwa likizo kijiji kimoja na mimi, na jumla yake ilikuwa pungufu mno kuliko yangu. Nyuma wakaanza: mwongo huyo, kapika namba! Alikuwa karibu kulia. Mwalimu hakumkemea mtu. Alimuuliza taratibu kopo lake lilikaa wapi. Chini ya mwembe, alijibu, kwa sababu uwanjani watoto walikuwa wakicheza. "Basi hajadanganya," mwalimu akasema. "Mwembe ndio uliopokea mvua kwanza." Namba yake haikufutwa. Mwalimu aliizungushia duara na kuandika pembeni: chini ya mti.

Nampenda mwalimu yule kwa duara lile kuliko kwa jambo jingine lolote alilotufundisha.

Daftari langu alilisoma mpaka pembeni. Akaniambia nimwambie bibi kwamba kumbukumbu yake ni sahihi, vuli ya 1961 ilikuwa kubwa sana Afrika Mashariki. Nikiwa mtu mzima nilisoma kwamba kuanzia mvua zile hadi 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Bibi hakuwahi kuliona ziwa hilo, lakini mvua yake aliikumbuka.

Kisha ikaja hesabu iliyotuacha vinywa wazi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bustani yetu ni robo ekari, yaani mita za mraba 1,000 na kidogo. Kwa hiyo milimita moja tu ni lita 1,000, ndoo zetu 100. Sisi tulikuwa 60 na ushee, ndoo moja moja. Alhamisi yetu nzima, foleni, ngata, shingo kuuma, haikufika milimita moja. Mtu akapaza sauti, "Na ile 71 ya Muheza, mwalimu?" Akatuachia tupige wenyewe. Ndoo 7,100. Tulirudia hesabu mara tatu tukidhani tumekosea sifuri.

Wiki ile ile, kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni, chini ya kufagia, kufuta ubao na kumwagilia, mwalimu aliongeza mstari mpya: kupima mvua. Kopo la Kimbo likapata nafasi yake ya kudumu katikati ya bustani. Mimi na yule msichana wa mwembe tulipangiwa Jumatano.